Tumeona Mpaka Hapa: Miaka Yangu katika Gazeti la Mafundi wa Juu

Vijana wa redaksio, mwezi uliopita nilimkabidhi Esperance ufunguo wa biro, yaani ofisi yetu, naye akaniuliza kama nina faili la kumwonyesha namna kazi inavyofanyika. Sina. Nilicho nacho ni kichwa changu, na hicho siku hizi kinachelewa kuwaka kama kompyuta yetu. Kwa hiyo naandika hapa mambo mtakayoyahitaji, pamoja na machache ambayo hamtayahitaji lakini mimi nayapenda.

Kwa mliozaliwa baadaye, nianze na ile series yenyewe. Ilihusu mafundi waliotembea na chombo kati ya nyota wakitengeneza taa kubwa zinazoongoza vyombo vingine gizani. Hawakupigana sana. Mara nyingi walitafuta skurubu iliyopotea. Mkubwa wao alikuwa Kapiteni Oru, mtu wa maneno machache. Fundi wake mkuu alikuwa mwanamke, Selane. Na walikuwa na roboti mnene ambaye watu wa Uvira walimbatiza Pipa. Jina la Kifaransa la series lilikuwa refu, hakuna aliyelimaliza. Uvira yote iliiita Mafundi wa Juu, na gazeti likachukua jina hilo. Kituo cha televisheni kilikuwa ng'ambo, Bujumbura. Picha ilivuka ziwa mpaka kwenye antene zetu. Siku nyingine ilifika nzima, siku nyingine ilifika imelowa.

Kumbukeni pia kwamba wasomaji wetu wengi hawakuwahi kuiona. Kule tambarare, Luvungi, Bwegera, mpaka Kamanyola, televisheni zilikuwa za kuhesabu. Wao waliisoma series. Kwao Oru alikuwa mtu wa karatasi, na aliishi ama alikufa kufuatana na tulivyoandika. Mtu akisahau hilo, afadhali akauze sabuni.

Mimi niliingia nikiwa msichana aliyetoka kumaliza shule, nikijivunia kwamba nataipu haraka. Mwanzilishi, Papa Kashindi, alikuwa mwalimu wa jiografia aliyechoka kufundisha milima ambayo wanafunzi wanaiona dirishani. Siku ya kwanza hakunipa mashini. Alinikalisha mbele ya televisheni Jumamosi alasiri, tukaangalia episodi nzima. Kisha akanipeleka uani kwa mama yake, kikongwe asiyejua Kifaransa na ambaye macho yake yalikuwa yamezimika.

"Koko," akamwambia, kama tunavyowaita vikongwe wetu, "huyu mutoto atakueleza Mafundi."

Nikaeleza. Nilikuwa najiona nafanya vizuri mpaka Koko akaniuliza, "Wakati mulango ulifunga, Selane alikuwa ndani ao inje?"

Sikujua.

"Na ile taa, nani alikuwa ameishika?"

Hilo nalo sikulijua. Nikasema nadhani ni Pipa.

"Unazani," alisema Koko, akageuza uso wake upande wa jua kama mtu aliyemaliza mazungumzo.

Papa Kashindi alinisindikiza mpaka barabarani. Aliniambia nirudi Jumamosi ijayo, na akanipa sheria ambayo ndiyo pekee aliyowahi kunipa: "Kintu umeona, sema umeona. Kintu umesikia, sema umesikia. Kintu umekosa, sema umekosa. Bantu batakusamehe kukosa." Nilirudi kwa Koko Jumamosi nyingi kabla sijaruhusiwa kugusa mashini. Ndivyo nilivyojifunza kuangalia.

Sasa zana, kwa kuwa Esperance haamini niliyomsimulia. Tulichapa kwa roneo. Unataipu kwenye karatasi ya stensili yenye nta, bila utepe, herufi zinatoboa nta, kisha unaivisha kwenye pipa la mashini, unapaka wino na kuzungusha mkono. Ukikosea, unaziba tundu kwa rangi ya kucha. Rangi ya kucha yangu yote iliishia kwenye makosa. Kucha zangu hazikuwahi kuipata. Na joto la Uvira mnalijua. Saa sita mchana nta inalainika na herufi "o" zote zinadondoka kama mbegu. Kwa hiyo tulitaipu asubuhi, na stensili tulizilaza chini ya meza, juu ya sementi, zikifunikwa na nguo yenye unyevu.

Picha zilichorwa na Byamungu, ambaye siku zote amekuwa mchora vibao vya maduka. Alichora kwenye stensili kwa kalamu ya bic iliyokwisha wino. Mnafahamu vibao vyake: kinyozi, sabuni, mkate. Aliweza kuchora chombo cha Oru ukahisi uzito wake. Kasoro yake moja ni kwamba anapenda watu wafurahi. Nitarudi hapo.

Hadithi moja ya barabarani, kwa sababu mtakutana na mambo kama hayo. Safari moja Byamungu alichora plani nzima ya chombo, chumba kwa chumba, kwa ajili ya toleo maalum. Kwenye bariyeri, kizuizi cha barabarani, askari mmoja mwenye cheo akafungua pakiti yetu, akaona plani, akaniuliza ni kambi ya nani. Nikamweleza kuhusu nyota. Akanitazama kwa huruma na akazuia pakiti yote. Siku ya soko iliyofuata nilirudi, nikamsalimia, nikaomba magazeti yangu. Akakataa. Nikarudi soko lililofuata, na lililofuata tena. Sikulia, sikupandisha sauti, sikuahidi kitu. Nilikaa kwenye jiwe karibu na kizuizi mpaka jioni, nikashona. Mwishowe alisema, "Mama, chukua makaratasi yako, unanichosha macho." Kuchosha macho ya mtu ni kazi pia. Jifunzeni.

Msambazaji wetu wa Bwegera aliitwa Sadiki. Alichukua pakiti Luvungi kwa baiskeli na kuifikisha kijijini, ambako mke wake, Mama Sifa, alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga. Watu wakingoja zamu yao, yeye aliwasomea gazeti kwa sauti, akizima mashine penye mambo makubwa. Mwenye mpunga mashineni alilalamika, kisha naye akanyamaza asikilize. Sijapata kuona wasomaji kama wale. Walijua Selane anatumia mkono gani.

Series ilikuwa imebakiza episodi mbili vita vilipofika Uvira. Mafundi walikuwa wamekwama kwenye taa ya mwisho, na Oru alikuwa amesema atatoka nje mwenyewe kuitengeneza. Hapo ndipo tulipotawanyika. Mimi nilikwenda kusini, Baraka, kwa shangazi yangu. Papa Kashindi alipanda milimani pamoja na ndugu zake. Koko hakufika nao. Tulimzika baadaye, kwa maneno tu, bila mwili.

Tuliporudi, biro haikuwa na viti wala mlango. Roneo waliiacha. Labda ilikuwa nzito, labda hawakupenda kusoma. Tukaisafisha. Ng'ambo, series ilikuwa imekwisha na kituo kilikuwa kinaonyesha mpira. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona zile episodi mbili, na kila tuliyemuuliza alikuwa amekimbia, au hakuwa na umeme, au alikuwa na mambo mengine ya kuangalia.

Tulitoa toleo jembamba la kusema tupo hai, na mimi mwenyewe nikalipeleka Bwegera, kwa sababu Sadiki hakuwepo. Alikuwa ametoka na baiskeli yake wakati wa vita, akielekea Kamanyola, na hakurudi.

Mama Sifa alipokea gazeti, akaligeuza mbele na nyuma.

"Kapiteni alirudi?" akaniuliza.

"Sijui, mama. Hatukuona."

"Weye njo muntu wa gazeti. Kama weye haujue, nani anajua?"

"Nitatafuta."

Akafuta vumbi la pumba kwenye mikono yake. "Sadiki naye, bamoya banasema bamemuona Bukavu. Bengine banasema Kigoma. Kila muntu iko na yake. Minye ninapika, ninaacha chakula yake mu sahani, kesho ninapatia kuku." Alisema hivyo bila kubadilisha sauti, kisha akawasha mashine kwa sababu watu walikuwa wanangoja.

Nilimsimulia Byamungu niliporudi kazini. Wiki haikuisha, akaniletea stensili. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kuchora: mlango wa chombo umefunguka, Oru ameingia, kofia yake mkononi, Selane amemkimbilia, na Pipa ameangusha vikombe.

"Dada," akasema, "andika tu chini yake. Mistari kumi. Nani atajua?"

"Hatukuona hivyo."

"Ni film. Hata kule walitunga. Tumupatie ule mama kintu kidogo cha kumufurahisha."

"Nikimdanganya kuhusu Oru," nikamjibu, "siku atakapoleta mtu wa Kigoma na kuniuliza kama anasema kweli kuhusu Sadiki, nitamjibu kwa mdomo gani?"

"Oru haiko muntu," akasema Byamungu.

"Kwa Mama Sifa ni mtu."

Hatukusemezana siku kadhaa. Nilikwenda kwa Papa Kashindi, nikitumaini atasema neno la kunitetea. Alikuwa mgonjwa tayari, amejifunika blanketi kwenye joto lile. Akasikiliza yote. "Gazeti njo yako sasa," akasema. "Minye nitasoma tu." Nilikasirika njia nzima, maana nilitaka kuamriwa. Lakini nilipofika biro nilijua tayari nitafanya nini. Stensili ya Byamungu niliilaza chini ya meza, nikaifunika vizuri, kwa sababu ilikuwa kazi nzuri. Kisha nikaanza kutafuta.

Nilivuka kwenda Bujumbura kila nilipopata nafasi. Nilizunguka kwenye maduka ya kukodisha kaseti, kwa mafundi wa televisheni, kwenye baa zenye skrini kubwa. Walinijua mpaka wakanipa jina, Mama Mafundi, na si kwa heshima. Wakati huohuo, jamaa fulani wa Bukavu walianza kutoa gazeti lao lenye mwisho wa kutunga: Oru na Selane wanafunga ndoa. Liliuzwa sana Luvungi. Mdogo wangu mwenyewe alilinunua, akalificha chini ya godoro kama pombe.

Papa Kashindi alifariki mimi nikiwa bado natafuta. Siku za mwisho hakuuliza kuhusu Oru. Aliuliza kama wino upo. Wino ulikuwepo.

Hatimaye nilielekezwa kwa mpiga video wa harusi, Nestor, ambaye zamani alirekodi televisheni kwa mapenzi yake. Alikuwa na kaseti. Alinikalisha kwenye kiti cha plastiki dukani kwake, akaiweka. Niliona episodi ya kabla ya mwisho, nzima. Kisha ya mwisho ikaanza, nami nikaandika bila kutazama daftari. Taa imekufa, vyombo vingine vinakuja gizani bila kujua. Oru anavaa nguo za kutokea nje. Selane anamfunga kamba. Oru anafungua mlango, anatoka, kamba inanyooka.

Na hapo skrini ikajaa bibi harusi, ameketi chini ya maua ya plastiki, na mjomba fulani anakata keki.

"Harusi ya dada yangu," alisema Nestor polepole. "Kaseti zilikuwa hazipatikani, mama."

"Wewe uliuona mwisho?"

"Niliuona."

"Alirudi?"

Alifikiri sana. Alikuwa mtu mwaminifu, namheshimu mpaka leo. "Nakumbuka kamba," akasema. "Na wimbo. Mengine nikikwambia nitakuwa natunga."

Nilirudi nikaandika kila nilichoona, kurasa nyingi kuliko toleo lolote, mpaka kamba inanyooka. Chini yake nikaweka kichwa cha herufi kubwa: TUMEONA MPAKA HAPA. Nikaandika kwamba kaseti ilifutwa, kwamba shahidi mmoja anakumbuka kamba na wimbo, na kwamba tunaendelea kutafuta. Byamungu alichora kamba peke yake, imenyooka kutoka ukingo mmoja wa ukurasa mpaka mwingine. Tulikuwa tumepatana.

Wasomaji walikasirika. Wengine walirudisha gazeti, mmoja akiwa amelitumia kufungia samaki kwanza. Tulipungua mpaka tukawa watu wawili na mashini. Ndiyo maana nawaambia, mkiona wasomaji wanakimbia, angalieni kwanza kama mmewadanganya. Kama hamkuwadanganya, tandikeni stensili nyingine. Tuliandika upya episodi za zamani kwa waliozikosa. Tuliandika kwa nini nyota hazionekani mchana. Tulijibu maswali. Roneo ilikufa, tukahamia kwenye fotokopi, baadaye kompyuta, na watu wakaanza kurudi, sasa wakija na watoto wao. Kila toleo, ukurasa wa mwisho, tuliacha mstari uleule: mwisho bado tunautafuta.

Kila nilipofika Bwegera, Mama Sifa aliniuliza, na kila mara nilimjibu hivyohivyo. Wa Bukavu walikuwa wamempelekea gazeti lao bure. Alisoma mara moja mashineni, watu wakapiga makofi. "Ni nzuri," aliniambia. "Lakini haiko mwisho yake."

Kisha alikuja Esperance, ambaye mnamjua, na simu ambayo haachi mkononi. Asubuhi moja alisimama mlangoni mwa biro.

"Mama Riziki, nimeipata. Episodi ya mwisho, yote. Nimeishaangalia. Nikwambie?"

Nilikaa chini. Mnaweza kudhani nilifurahi. Nilihisi kama mtu aliyeitwa hospitali.

"Usiniambie," nikasema. "Weka kwenye kompyuta. Tunakwenda Bwegera."

"Si tuandike kwanza?"

"Tutaandika tukirudi."

Tulipanda pikipiki mbili, Esperance na kompyuta kifuani, Byamungu na mimi nyuma. Njia nzima niliwaza kama nina haki ya kumpelekea mwanamke kitu nisichokijua. Niliamua kwamba tumemkawiza vya kutosha, na kwamba liwalo lote, asilisikie kwanza mashineni mbele ya watu.

Mama Sifa alitukaribisha ndani, akafunga mlango. Mvi zilikuwa zimemjaa. Tukaweka kompyuta juu ya meza, nami nikawa namtafsiria polepole, nani yuko ndani, nani yuko nje, nani ameshika nini. Oru akatoka. Kamba ikanyooka. Hakukuwa na harusi safari hii. Oru akafika kwenye taa, akafanya kazi kwa muda mrefu, na taa ikawaka. Vyombo vyote vikaiona, vikageuka. Kisha kamba ikalegea.

Walimtafuta. Series iliwapa muda wa kumtafuta, sikutegemea hivyo. Selane mwenyewe alitoka mara nyingi. Mwishowe alirudi, akavua kofia, akaenda kwenye redio na kulitaja jina la Oru kwa vyombo vyote. Tukasikia wimbo. Nestor alikumbuka sawa.

Mama Sifa aliniuliza, "Bamemutafuta?"

"Wamemtafuta."

"Bamemukosa."

"Ndiyo, mama."

Nje kulikuwa na mtu anabisha hodi, akiuliza kama mashine itafunguliwa leo. Hakumjibu.

"Basi banaweza kumulilia," akasema.

Byamungu aliangalia sakafu. Nilikuwa natafuta neno la kumfariji, lakini Mama Sifa alinishika mkono. "Minye nilijua, Mama Riziki. Ya Sadiki nilijua siku mingi. Lakini kila muntu alikuwa ananiambia atarudi, ju banipende. Weye peke yako ulikuwa unaniambia haujue." Kisha akainuka kupika, na akatupakulia sisi watatu na yeye mwenyewe. Sahani zilikuwa nne, hakuna ya tano.

Toleo lile lilikuwa na mwisho kamili, nililitaipu mwenyewe. Wa Luvungi waliolia kwa ajili ya harusi ya Bukavu walilia tena.

Baada ya mavuno, Mama Sifa alituma ujumbe kwamba familia inafanya matanga ya Sadiki, na kwamba wangependa sisi watu wa gazeti tuwepo, kwa kuwa alikuwa mwenzetu wa kazi. Tulikwenda wote. Mwili haukuwepo, lakini walisimamisha msalaba wa mbao pembeni ya shamba lake, na wakamwomba Byamungu auandike. Akaandika jina. Akaandika mwaka wa kuzaliwa. Kisha akasimama na brashi, akamgeukia mjane.

"Mama, siku ya kufa niandike gani? Tuweke tu mwaka wa vita?"

"Hapana," akasema Mama Sifa. "Ile siku sikuiona. Andika ile niliona."

Akamwambia. Byamungu akapiga magoti kwenye udongo na kuandika polepole, kwa herufi zilezile nzuri alizozitumia maisha yake yote kuuza mkate na sabuni: ALITOKA HAPA ASUBUHI, NA BAISKELI.

Akainuka na kunitazama, kama alivyonitazama kila toleo kabla halijachapwa. Nikasoma mara mbili. Sikuona cha kusahihisha.